Mto Una Kalenda Yake: Viumbe Wadogo wa Mito ya Uluguru, Misimu na Afya Zetu

Mkazi wa Morogoro anayetazama mlima asubuhi, kabla mawingu hayajafunika kilele cha Lupanga, huwa anatazama chanzo cha maji yake. Mto Morogoro hushuka kutoka msituni, hupita mjini, hujiunga na Ngerengere, nao Ngerengere humwaga maji yake katika Ruvu, mto ambao ndio chanzo kikuu cha maji ya Dar es Salaam. Habari za mito hii huandikwa aghalabu kwa lugha ya lita, mabomba na mgao. Makala haya yanazungumzia jambo jingine lililomo ndani ya maji hayohayo: wadudu, kaa, konokono na minyoo waishio chini ya mawe, na jinsi idadi yao inavyopanda na kushuka kadiri misimu inavyobadilika.

Msomaji anaweza kuuliza jarida la afya lina shughuli gani na wadudu wa mtoni. Jibu ni kwamba baadhi ya viumbe hao hubeba vimelea vya magonjwa yanayotibiwa katika zahanati zetu kila mwaka. Wengine hawana madhara yoyote, lakini hutueleza hali ya maji ambayo mgonjwa wetu huyanywa, huyaoga na kumwagilia mboga. Mhudumu wa afya anayeijua kalenda ya viumbe hawa huuliza maswali bora, na mwananchi anayeijua hujikinga kwa wakati. Hata hivyo, kalenda hiyo ina mtego mmoja, nao ndio kiini cha makala haya: kiumbe wa mtoni hufuata msimu, lakini vimelea alivyokwisha kutuachia mwilini havifuati msimu wowote.

Mlima, mvua na mto

Milima ya Uluguru ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, mlolongo unaoanzia Taita nchini Kenya na kuishia Udzungwa. Mji wa Morogoro uko kwenye mwinuko wa mita 500 hivi kutoka usawa wa bahari, ilhali kilele cha Kimhandu kinapita mita 2,600. Kwa hiyo, katika safari fupi tu, kijito huanzia kwenye ubaridi wa msitu, hupita katika mashamba ya mteremkoni, na hufika kwenye joto la bonde. Msitu wa kileleni ulitangazwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia mwaka 2008, na mito mingi ya eneo hili huanzia humo.

Mvua hazigawanyiki kwa usawa. Miteremko ya mashariki, inayokabili pepo za Bahari ya Hindi, hupata mvua nyingi zaidi kuliko ile ya magharibi. Kwa ujumla, mwaka una vipindi vinne. Masika huanza Machi hadi Mei, mito ikifurika. Kipupwe hufuata kuanzia Juni, hewa ikiwa baridi na maji yakianza kutakata. Kiangazi hukaza mnamo Septemba, na vijito vya chini hupungua hadi vingine kukatika. Vuli huja kati ya Oktoba na Desemba, kisha hufuata ukavu mfupi wenye joto kali wa Januari na Februari.

Katika nchi za baridi, wadudu wa mtoni huongozwa hasa na majira ya joto na barafu. Kwetu joto halibadiliki sana. Wadudu wengi huweza kuzaliana vizazi kadhaa kwa mwaka, na katika mwezi wowote utakuta wachanga na wakubwa wakiishi pamoja. Kinachotawala maisha yao ni maji yenyewe: wingi wake, kasi yake na tope lililomo.

Wakazi wa chini ya jiwe

Wakati wa kipupwe, ukichukua jiwe la ukubwa wa ngumi kutoka kwenye mkondo ulio karibu na msitu na kuligeuza taratibu, utaona viumbe wakikimbia kuukwepa mwanga. Yule bapa, mwenye mikia mitatu na vijani vidogo vinavyopepea ubavuni, ni mtoto wa mdudu aitwaye na wataalamu efemeroptera. Vijani hivyo ndivyo anavyovutia hewa iliyoyeyuka majini. Huishi majini kwa majuma au miezi, kisha huota mbawa, huruka, hutaga mayai na kufa baada ya saa chache au siku chache, bila hata kula. Yule mkubwa zaidi, mwenye mikia miwili na miguu yenye nguvu, ni plekoptera. Huwawinda wenzake na huhitaji maji baridi yenye hewa tele. Kijumba kidogo cha chembe za mchanga zilizogandishwa kwa nyuzi ni makao ya trikoptera. Pembeni, kaa wa maji baridi hukatakata majani yaliyoanguka kutoka mitini, na kwa kazi hiyo huwalisha wengi wanaokula mabaki.

Juu ya jiwe, pale maji yanapokwenda kasi, huweza kuonekana vijidudu vilivyosimama kama chupa ndogo, vikiwa vimejishika kwa sehemu ya nyuma. Hao ni mabuu ya nzi wa usubi, na vichwani wana vipepeo viwili vya kuchujia chakula kinachopita na mkondo. Kwenye tope na maji yaliyopoa huishi minyoo na mabuu mekundu ya visubi wasiouma. Wekundu wao unatokana na himoglobini, kama ile iliyomo katika damu yetu, nayo huwawezesha kuishi mahali penye hewa haba. Kwenye majani ya ukingoni na katika mifereji hupatikana konokono.

Masika yanapoufagia mto

Mvua kubwa ya masika ikinyesha mlimani, kijito kilichokuwa kikivukika kwa hatua mbili huweza kugeuka mto wa kutisha ndani ya saa chache. Mawe hubingirishwa, mchanga husugua kila kitu, na viumbe wengi huchukuliwa na maji. Anayechota sampuli wiki ile huona mto kama uliofagiwa.

Lakini mto haukufa. Baadhi ya viumbe walijificha ndani kabisa ya changarawe au nyuma ya miamba isiyotikisika. Mayai yao yamebaki yamegandamana na mawe. Kila usiku, hata siku zisizo na mafuriko, wadudu fulani hujiachia na kuelea kufuata mkondo, na hivyo vijito vya juu hupeleka wakazi wapya chini. Wenye mbawa nao huruka kurudi juu kutaga. Maji yakianza kutulia, sehemu zilizofagiwa hujazwa tena ndani ya majuma machache, ilimradi kuna msitu na vijito vizima huko juu vya kutoa mbegu hiyo.

Palipolimwa hadi ukingoni, mambo huwa tofauti. Udongo wa shamba huingia mtoni na kuziba nafasi zilizo kati ya mawe. Nafasi hizo ndizo nyumba za viumbe tuliowataja. Wanaopenda maji safi hukosa pa kukaa, na minyoo ya tope huchukua nafasi yao. Hii ni sababu mojawapo ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kukataza shughuli za kibinadamu za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito.

Kipupwe, kiangazi na mvua ya kwanza

Kipupwe ni wakati wa neema mtoni. Maji huwa maangavu, jua hufika kwenye mawe, ukoga laini huota, na walao ukoga huongezeka. Wawindaji nao huongezeka. Anayetaka kujua mto una viumbe gani huupata ukweli zaidi katika kipindi hiki.

Kiangazi kikikaza, maji hupungua, hupata joto na kupoteza hewa. Kile kilichokuwa kikizimuliwa na wingi wa maji, kama vile maji machafu, sabuni na dawa za mashambani, sasa hubaki katika maji machache. Katika sehemu za chini, wavumilivu ndio husalia. Vidimbwi hukatika kutoka kwenye mkondo na kuwa makazi ya konokono na viluwiluwi vya mbu. Mbu aina ya Anopheles funestus, anayependa kingo zenye majani na maji ya kudumu, huweza kuendeleza malaria hata baada ya madimbwi ya mvua kukauka.

Kisha huja mvua ya kwanza ya vuli. Hiyo huosha kila kilicholala juu ya ardhi kwa miezi: majivu ya mashamba yaliyochomwa, mbolea, kinyesi cha mifugo na cha binadamu. Maji ya siku hizo huweza kuleta kuhara, homa ya matumbo na hata kipindupindu, na hatari hiyo hufika kwa saa chache, kabla mdudu yeyote hajapata muda wa kutuonyesha kuwa mto umechafuka.

Usubi: nzi wa majira na mnyoo wa miaka

Mkoa wa Morogoro ni miongoni mwa maeneo ya Tanzania yenye ugonjwa wa usubi, uitwao pia upofu wa mtoni. Mahenge, Kilosa na vijiji vya Uluguru vimo katika orodha hiyo. Ugonjwa huenezwa na nzi wadogo weusi wa jenasi ya Simulium. Jike huuma mchana ili apate damu ya kukuzia mayai, na hutaga penye maji yaendayo kasi, kwa kuwa mabuu yake hayawezi kuishi katika maji yaliyotuama.

Wengi wa nzi hao, wa kundi la Simulium damnosum, hukulia juu ya mawe na majani yanayoburutwa na mkondo, na katika maji ya joto huweza kufikia utu uzima kwa muda wa wiki mbili hivi. Lakini kundi la Simulium neavei lilikuwa fumbo kwa miaka mingi: nzi walionekana wakiuma, na mabuu yao hayakupatikana kwenye jiwe lolote. Mwaka 1950 watafiti van Someren na McMahon, waliokuwa Kenya, walitangaza kuwa mabuu hayo huishi yakiwa yameshikamana na miili ya kaa wa mtoni. Ugunduzi huo uliwezesha vita dhidi ya nzi huyo nchini Kenya kufanikiwa katika mwongo huohuo. Katika Milima ya Usambara, Simulium woodi, nduguye, naye hubebwa na kaa katika vijito vyenye kivuli. Kwa hiyo, msimu wa nzi hawa hufungamana na msimu wa kaa na hali ya msitu, wala si wa maji pekee.

Mafuriko makubwa huyang'oa mabuu, na nzi hupungua kwa muda. Maji yakishuka na mawe ya mkondoni yakionekana tena, nzi huongezeka. Kijito kikikauka, makazi yao hapo hupotea, ila mito ya kudumu huendelea kuwalea. Mwenyeji wa kando ya mto huyajua majira haya bila kufundishwa, kwa kuwa huumwa na nzi hao miguuni akiwa shambani.

Hapa ndipo mtego ulipo. Mtu huona nzi wamepungua, akadhani ugonjwa nao umeondoka, na dawa inapoletwa kijijini akaona haina haja. Ukweli ni kwamba mnyoo mkubwa wa usubi huweza kuishi ndani ya vinundu vya mwili kwa miaka 10 hadi 15. Jike huzaa watoto wengi mno, ambao husambaa chini ya ngozi na kufika machoni, na kila mmoja huweza kuishi mwaka mmoja hadi miwili. Baada ya kuumwa na nzi mwenye vimelea, huweza kupita mwaka mzima au zaidi kabla ya dalili kujitokeza. Mkulima anayekuja zahanati mwezi Agosti akilalamikia mwasho mkali hakuambukizwa Agosti. Mwasho wake ni matokeo ya misimu iliyokwisha kupita.

Dawa ya ivermektini, ambayo kampuni ya Merck imekuwa ikiitoa bure kwa ajili ya ugonjwa huu tangu mwaka 1987, huua watoto wa mnyoo na kumzuia mnyoo mkubwa asizae kwa miezi kadhaa. Haimuui mnyoo mkubwa kwa dozi moja. Ndiyo maana humezwa kila mwaka kwa miaka mingi, mpaka minyoo izeeke na kufa, na ndiyo maana aruke mtu mwaka mmoja, watoto wa mnyoo hujaa tena mwilini mwake, na nzi wa msimu ujao hupata cha kubeba. Kwa kawaida hawapewi dawa hii wajawazito, mama aliyejifungua chini ya wiki moja, watoto walio chini ya sentimita 90 kwa kimo na wagonjwa mahututi. Mhudumu awaandike hao, ili wasisahaulike pindi sababu itakapoondoka.

Kichocho: konokono wa maji yaliyopoa

Konokono wana kalenda yao. Hawawezi kustahimili mkondo wenye nguvu. Masika huwachukua na kuwapunguza. Wanaosalia kwenye mifereji, vidimbwi na kingo zenye majani huzaliana haraka maji yakitulia, na idadi yao huweza kuwa kubwa kabla vijito havijakauka au kufurika tena. Wakati huohuo, kwa kuwa maji yamekuwa haba, watu, mifugo na konokono hukutana kwenye vidimbwi vilevile. Hapo ndipo hatari inapokuwa kubwa.

Konokono wa jenasi ya Biomphalaria huhifadhi vimelea vya kichocho cha tumbo, na wa jenasi ya Bulinus huhifadhi vya kichocho cha kibofu. Mwenye ugonjwa akijisaidia majini au kandokando, mayai huanguliwa na vimelea humtafuta konokono. Baada ya wiki nne hadi sita hivi, konokono mmoja huanza kutoa maelfu ya vijidudu vyenye mkia uliogawanyika, viitwavyo serkaria, ambavyo hupenya ngozi nzima isiyo na jeraha. Serkaria za kichocho cha binadamu hutoka zaidi wakati wa jua, hasa kuelekea adhuhuri na baada yake kidogo, saa ambazo watoto waliotoka shule hupenda kuogelea na akina mama hufua.

Tuchukue mfano wa mwanafunzi aliyetoka mkoa usio na kichocho, akaoga kidimbwini Morogoro mwezi Oktoba. Huenda akawashwa ngozi siku ileile. Wiki kadhaa baadaye, vuli ikiwa imeshika, hupata homa, kikohozi na uchovu. Kipimo cha malaria huonyesha hana, na choo chake hakina yai lolote, kwa maana minyoo bado ni michanga. Kidimbwi alichooga kimekwisha kufunikwa na mafuriko, na yeye mwenyewe amekisahau. Swali moja tu huweza kuifumbua homa hiyo: katika miezi mitatu iliyopita, uliingia maji gani, na wapi?

Prazikwanteli hutibu kichocho vizuri, lakini huua minyoo iliyokomaa na haiiwezi ipasavyo iliyo michanga. Aliyetibiwa mapema mno huhitaji kurudia dozi baada ya wiki sita hadi nane. Na mtoto aliyepona huweza kuambukizwa tena kiangazi kijacho iwapo kidimbwi ni kilekile na choo hakipo.

Viumbe hawa kama kipimo cha maji

Kwa kuwa kila kundi lina kiasi chake cha kuvumilia uchafu, wataalamu huwatumia viumbe hawa kuupima mto. Mwaka 2015 ulichapishwa utaratibu wa Tanzania ujulikanao kama TARISS, uliojengwa juu ya utaratibu wa Afrika Kusini uitwao SASS. Mpimaji husugua mawe mbele ya wavu, huwatambua viumbe walionaswa na kuwapa alama. Wanaohitaji maji safi, kama plekoptera, hupata alama za juu. Minyoo ya tope hupata za chini kabisa. Wastani wa alama hueleza hali ya mto. Kifaa cha gharama kubwa hakihitajiki, na jibu hupatikana palepale ukingoni.

Faida ya kipimo hiki ni kwamba wadudu wamekuwa mtoni usiku na mchana. Chupa ya maji iliyochotwa leo hueleza ya leo, bali mdudu aliyeishi hapo miezi miwili hueleza ya miezi miwili. Sumu iliyomwagwa usiku na kupita kabla ya asubuhi haimo tena katika chupa, ila waliokufa kwayo wameacha pengo. Hata hivyo, mpimaji sharti azingatie msimu. Akipima mara baada ya mafuriko, ataona wadudu wachache na kudhani mto umechafuliwa, kumbe umefagiwa tu. Kulinganisha kipupwe cha mwaka huu na kipupwe cha mwaka jana ni haki. Kulinganisha kipupwe na masika ni kuulaumu mto kwa mvua.

Kipimo hiki kina mpaka mmoja ambao kila mgonjwa anapaswa kuujua. Kuwapo kwa wadudu wa maji safi hakumaanishi kuwa maji hayo yanafaa kunywewa. Vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo havimdhuru mdudu wa mtoni, na mabuu ya usubi hustawi katika maji mazuri ya mkondo. Maji maangavu kama kioo huweza kuwa na kinyesi cha jana.

Yapasayo kutendwa

Kwa wahudumu wa afya, tunapendekeza mambo manne. Kwanza, katika kuchukua historia ya mgonjwa mwenye mwasho wa muda mrefu, vinundu, uoni hafifu, mkojo wa damu au homa isiyo na sababu, waulize jina la mto, shughuli aliyokuwa akifanya na mwezi. Pili, wasiyaondoe magonjwa haya katika fikra zao kwa sababu tu msimu wa wadudu umepita. Tatu, elimu ya kichocho itolewe kabla ya kiangazi, na elimu ya kutibu maji kabla ya mvua ya kwanza ya vuli, maana baada ya hapo huwa imechelewa. Nne, wakisikia kuwa kaa na wadudu wamekutwa wamekufa kwa wingi mtoni katika siku zisizo na mafuriko, wachukulie kuwa huenda ni sumu. Watu waelezwe wasinywe maji hayo wala kula kaa na samaki waliokufa, na taarifa ipelekwe kwa afisa afya na Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, yenye ofisi mjini Morogoro.

Kwa mgonjwa na jamaa zake, ushauri ni huu. Dawa ya usubi imezwe kila mwaka inapoletwa, hata kama nzi hawaonekani. Wanaofanya kazi kando ya mikondo wavae suruali ndefu. Watoto wakatazwe kuoga kwenye vidimbwi na mifereji yenye konokono. Maji ya kuoga yanayotoka humo yachemshwe, au yawekwe kwenye chombo kisicho na konokono kwa siku mbili, kwani serkaria hufa zisipopata mtu. Utaratibu huo wa siku mbili ni wa maji ya kuoga tu. Ya kunywa lazima yachemke vizuri au yatiwe dawa. Mabomba ya kupulizia dawa za mboga yasioshewe mtoni. Na choo kitumike, kwa sababu bila mayai ya kichocho kuingia majini, konokono hawezi kumdhuru mtu.

Hitimisho

Viumbe wadogo wa Uluguru walikuwa wakifuata mvua kabla ya zahanati ya kwanza kujengwa, na wataendelea kuzifuata. Hatuna uwezo wa kuzuia masika, wala hatutaki mto usio na uhai. Tunachoweza ni kutenganisha kalenda mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni ya mto: wadudu hupungua na kurudi, konokono huondoka na kuzaliana upya. Ya pili ni ya mwili: mnyoo aliyeingia kiangazi cha mwaka fulani huweza kuwa angali hai baada ya masika 10. Nzi wakitoweka mtoni, tumeze dawa. Kidimbwi kikifunikwa na mafuriko, mtoto aliyeoga humo apimwe.